Pikipiki ya majini ikigoma kuwaka

Wadau, pikipiki ya majini ikigoma kuwaka, kila mtu ufukweni anageuka fundi. Mimi nashika kalamu, si spana, lakini kuna ushauri mmoja nikiusikia nywele zinanisisimka: "Unga waya moja kwa moja, achana na hiyo kamba."

Kamba yenyewe ncha moja hufungwa mkononi au kwenye jaketi la uokoaji, nyingine huchomekwa kwenye swichi. Isipokaa vizuri, injini haiwaki. Ukiangushwa na wimbi inachomoka, injini inazima papo hapo. Sasa ukiunga waya, wewe unabaki majini, injini inaendelea kunguruma na chombo kinaweza kukuacha.

Kwa hiyo anza na kamba hiyohiyo. Ichomoe, futa mchanga na chumvi, irudishe mpaka ikae. Bado? Stata ikilia tik-tik tu, shuku betri: sugua kutu kwenye vichwa vyake, kaza nati, ichaji. Stata ikizunguka vizuri lakini moto haushiki, angalia kama plagi zimelowa, kisha kagua petroli. Huenda imekaa mno au imeingia maji.

Na jamani, msiiache ikiunguruma nchi kavu. Nyingi hupozwa kwa maji zinayoyavuta zikiwa baharini. Bila hayo injini huchemka upesi sana.

Betri mbovu itakuharibia Jumapili tu. Kamba iliyokwepwa inaweza kuwaachia wazazi wako msiba. Au mnasemaje?