VPN inawaka kijani, lakini data inapita wapi?

Nimepotea kidogo hapa, najua. Nilikuwa njiani kati ya Migori na Homa Bay, matatu za kupitia Rongo, kipakatalishi magotini. Leo acha nieleze kilichonipeleka huko, maana nilikosea, na kosa lenyewe ni rahisi mno kulirudia.

Kuna shirika dogo ninaloliandikia programu. Lina ofisi Migori mjini na nyingine Homa Bay, na linatunza kadi za wagonjwa wa kliniki, wengi wao wakitumia ARV. Kaunti hizi mbili ni kati ya zile zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini. Kadi ikionwa na asiyehusika, mtu anaweza kuvunjikiwa na ndoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti.

Shida ilikuwa kutafuta kadi. Jina moja linaandikwa kwa namna tatu, tena utafutaji unaosamehe makosa ya herufi unamchanganya Otieno na Atieno, ilhali kwa Kijaluo herufi hiyo ya kwanza ndiyo inayokwambia ni mwanamume au mwanamke. (Hilo lina siku yake.) Tukachagua Azure AI Search, iliyoitwa Cognitive Search hadi 2023, kwenye kituo cha data cha Afrika Kusini. Wagonjwa waliombwa idhini kwanza.

Sasa, huduma hiyo ukiifungua hivi hivi, inapata anwani ya hadharani. Yeyote mwenye ufunguo anaweza kuiuliza kutoka popote duniani. Ufunguo nao niliuacha ndani ya msimbo, nikisema nitautoa kesho. Jioni moja Homa Bay, nikiwa hotelini nangojea omena, nikajaribu kwa simu yangu. Majina yakaja. Omena haikunishuka.

Nikabadilisha ufunguo usiku huo huo, kisha nikaanza dawa yenyewe. Unajitengenezea mtandao wa ndani kule kwenye wingu, unaipa huduma anwani ya ndani, tuseme 10.1.0.5, halafu unaunganisha kila ofisi kwa VPN. (Daraja la bure halikubali, lipia Basic au zaidi.) Mwisho unafunga mlango wa hadharani. Nikaweka Migori, nikaweka Homa Bay, taa zote kijani. Kwa wiki tatu kila kitu kilikwenda sawa. Jumatatu nikafunga mlango.

Saa tatu asubuhi simu ikalia. Mama anayesimamia rekodi Homa Bay.

"Kijana wangu, umefunga mlango na sisi tuko nje."

Kompyuta zao zilikuwa zinarudisha 403, yaani umekatazwa. Migori hakuna aliyelalamika. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi, mama amerudia mafaili ya karatasi. Nikamwomba afungue kile kidirisha cheusi, aandike nslookup na jina la huduma yetu, kisha anisomee nambari. Alisoma polepole, kama anayesoma nambari ya M-Pesa. Haikuanza na 10. Ilikuwa ile ya hadharani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Programu haitafuti anwani, inatafuta jina. Jina ni moja, lakini jibu hutegemea unamuuliza nani. Ukiuliza seva ya DNS iliyo ndani ya mtandao wako, unapewa 10.1.0.5. Ukiuliza ya nje, unapewa ya hadharani. Migori niliielekeza ruta kwenye seva yetu ya ndani. Homa Bay nilifanya vivyo hivyo, ila kompyuta zenyewe zilikuwa zimeandikwa 8.8.8.8 kwa mkono, na ruta ikapuuzwa. Mwandishi wa hiyo 8.8.8.8 ni mimi, mwaka uliotangulia. Kwa hiyo wiki tatu zote VPN ilikuwa imewaka bure huku maulizo ya Homa Bay yakipita barabara kuu. Yalikuwa yamefumbwa kwa HTTPS, sawa, lakini sivyo nilivyowaahidi.

Siku ile niliweka kiraka: jina na nambari ndani ya faili iitwayo hosts, kompyuta moja baada ya nyingine. Usikiache, maana ukiiunda upya anwani ya ndani nambari inaweza kubadilika. Jumanne nikaenda mwenyewe kufuta 8.8.8.8. Seva yetu ya ndani huulizia kwa 168.63.129.16, anwani ya Azure inayojibu ukiwa ndani ya mtandao wao tu, ndiyo maana huwezi kuielekeza ruta ya Homa Bay huko moja kwa moja.

Na usidhani ya faragha ina waya wake. VPN yetu inapita nyaya zile zile za baharini. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini tarehe 12 Mei 2024, usiri usingekusaidia kitu.

Imebaki njia ya kutoka. Kinachosoma hifadhidata yetu na kujaza faharasa kinatoka ndani ya huduma yenyewe, na hicho anwani ya ndani niliyoweka haikihusu. Kinataka kiungo chake, na mwenye hifadhidata lazima akiidhinishe. Mwenye hifadhidata yuko likizo hadi Alhamisi.

Mama wa rekodi alinipigia tena Jumanne jioni kunisomea nambari, bila kuombwa. "Kumi, moja, sifuri, tano," akasema. "Ndiyo hiyo?"

Ndiyo hiyo, mama.