Dirisha la Wafarini

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya ufamasia nimeipitisha kwenye dirisha la kliniki ya moyo, Dar es Salaam, nikigawa dawa za kuzuia damu isigande. Nilipoanza, ya kumeza ilikuwa moja tu: wafarini. Vitabu vya chuo vilikuwa vimenizoesha kufikiri kwamba nitakutana na wazee. Waliopanga foleni walikuwa wasichana. Wanafunzi wa sekondari, mama ntilie wa miaka ishirini na kitu, bibi harusi wa mwezi uliopita. Utotoni waliumwa mafindofindo yasiyotibiwa sawasawa, ikafuata homa ya baridi yabisi, nayo ikala vali za moyo. Waliobahatika walipelekwa India kubadilishiwa vali. Siku hizi wengi hufanyiwa hapa hapa, hasa tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015. Vali ile tunayoiita ya chuma hudumu miaka mingi, ila damu ikiigusa hutaka kuganda. Kwa hiyo anayewekewa hukabidhiwa na wafarini, ya kumeza hadi kufa.

Wanafunzi wa mafunzo kazini walipoletwa kwangu, niliwaanzia na ng'ombe. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Canada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alikatiza theluji na mzoga wa ng'ombe wake na ndoo ya damu isiyoganda, akaubisha mlango wa maabara ya Karl Paul Link. Kikosi cha Link kilihangaika miaka kadhaa hadi kukipata kitu kilichokuwa kikiwaua. Mtoto wa utafiti huo, wafarini, aliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata akapewa Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo. Wanafunzi walicheka kwenye panya. Wagonjwa sikuwasimulia kipande hicho. Mtu aliyepanda basi kutoka Lindi usiku kucha hahitaji kusikia kwamba anameza sumu ya panya.

Kazi yenyewe ilikuwa kufukuzia namba. Wafarini huizuia vitamini K isirudi kazini, ini likashindwa kukamilisha baadhi ya protini za kugandisha damu. Kipimo kinaitwa INR. Asiyetumia dawa huwa na takriban 1. Sisi tunataka 2 hadi 3, na kwa mwenye vali ya chuma upande wa mitrali, 2.5 hadi 3.5. Chini ya hapo vali huweza kuziba au bonge likapanda kichwani kuleta kiharusi. Juu ya hapo fizi zinavuja, mkojo unakuwa mwekundu, na siku mbaya damu inavuja ndani ya ubongo. Dozi ya mmoja ilikuwa miligramu 3, jirani yake kwenye benchi alihitaji 10, na aliyekuwa na 5 nzuri mwezi uliopita leo namba imepaa. Nikiona imepaa sikuanza na ukali. Niliuliza: umekula nini, umeumwa nini, nani kakupa dawa gani?

Mara nyingi jibu lilikuwa kwenye swali la tatu. Tumbo limeuma, duka la dawa la mtaani limempa metronidazo. Kikohozi, kapewa kotrimoksazo. Zote mbili hupandisha INR. Kiuno kimeuma, kachomwa diklofenaki, ambayo huchubua tumbo na kuongeza hatari ya kuvuja. Anayeanza dawa za kifua kikuu, zenye rifampisini, namba ilizama hata tukiongeza wafarini maradufu, na akimaliza tiba ile bila kutuambia, dozi kubwa ikimkuta peke yake, alirudi anavuja. Dawa za asili za mizizi nilizipa mstari wake kwenye daftari, bila kumgombeza mtu. Ukimgombeza leo, kesho atakuficha.

Kuhusu mboga, tumewatesa watu bure. Nilikuta kliniki nyingi zikiwaambia wagonjwa waache mchicha, kisamvu na matembele kabisa, kwa sababu majani yana vitamini K. Sasa mtu wa kipato cha chini aache mchicha, ale nini na ugali? Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, sisi tupange dozi juu ya chakula chake. Niliibishania hoja hii vikaoni hadi nikapewa jina la mama mchicha, na sijabadili msimamo.

Wagumu zaidi kuwashauri walikuwa wanaotaka mtoto. Wafarini hupita kondo la nyuma, na kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili ya mimba inaweza kumharibu mtoto mifupa na uso. Kuiacha nako kunaihatarisha vali, yaani mama mwenyewe. Sindano za heparini za chini ya ngozi husaidia kipindi hicho, zikipatikana, zikilipiwa, na kama kuna wa kuzifuatilia. Wanaovaa koti jeupe wote huitwa dokta, nami nilikuwa dokta. "Dokta, mama mkwe ananihesabia miezi," alinong'ona mmoja, mumewe akiwa kasimama hatua tatu nyuma. Nilimwita mumewe asogee. Mazungumzo yale hayafai kuachiwa mke peke yake, na daktari wa wajawazito awepo kabla ya mimba, siyo baada.

Habari za dawa mpya zilianza kutufikia karibu na mwaka 2010. Dabigatrani ilitangulia, ikafuata rivaroksabani, kisha apiksabani na edoksabani. Hizi haziizungukii vitamini K. Dabigatrani huikamata thrombini yenyewe, na zile tatu huikamata protini ya kugandisha yenye namba kumi. Dozi moja kwa karibu kila mtu, hakuna INR, mchicha ule upendavyo. Pakiti za kwanza nilizoshika mkononi hazikutoka stoo yetu. Zililetwa na wagonjwa wenye ndugu Dubai na London. Bei yake dukani ilikuwa mara nyingi ya wafarini, na mzee mmoja alinirudishia karatasi akasema afadhali nimpe ile ya foleni.

Kwa mzee kama yule, mwenye mapigo yasiyo na mpangilio na vali zake nzima, dawa mpya ni bora, nami nasema hivyo bila kigugumizi. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, wenye wagonjwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba waliotumia apiksabani walipata viharusi vichache, walivuja kidogo na walikufa wachache kuliko wa wafarini. Damu kuvuja ndani ya kichwa, jambo tuliloliogopa kuliko yote, ilipungua sana kwa kundi lote la dawa hizi. Waliopata bonge la damu mguuni nao wamepumua. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mwezi wa Ramadhani nilimwona mgonjwa wa apiksabani akipangiwa na daktari wake kidonge cha futari na kidonge cha daku, mambo yakaisha.

Wasichana wangu wa foleni ndio walioulizia zaidi, na kwao jibu lilikuwa hapana. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya dabigatrani kwa wenye vali za chuma: utafiti ulisitishwa kabla ya muda, kwa kuwa mabonge yaliongezeka na kuvuja kukaongezeka pia. Bado tulitumaini kwa wale ambao vali zao zimeharibika kwa baridi yabisi lakini hazijabadilishwa. Agosti 2022 ukatoka utafiti wa INVICTUS, uliofanyika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wagonjwa zaidi ya 4,500, wengi wao wanawake. Safari hii waliopimwa walikuwa watu wanaofanana na wa kwangu. Waliotumia dawa za aina ya wafarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksabani, wala hawakuvuja zaidi kwa kiwango cha kuhesabika, ingawa INR zao mara nyingi zilikuwa nje ya mstari. Wenzangu walinuna. Mimi nilihisi kama mzazi ambaye mtoto aliyedharauliwa na mtaa kafaulu mtihani.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa dawa mpya hawakulisemea sana walipotutembelea. Wafarini hukaa mwilini siku kadhaa, na aliyekosa kidonge kimoja bado ana kinga kiasi. Apiksabani, nusu yake huondoka ndani ya takriban saa 12. Mwisho wa mwezi pesa ikikatika, kesho yake mtu yuko wazi, na hakuna namba ya kunionyesha kwamba kaacha. Figo zikidhoofika dawa hurundikana, hasa dabigatrani, kwa hiyo figo lazima zipimwe. Rifampisini huzishusha hizi pia, na hapo hakuna dozi ya kupandisha, hubadilishwa dawa. Wafarini ikizidi tuna vitamini K kabatini. Dawa ya kuzima dabigatrani ipo duniani tangu 2015. Kwenye kabati letu sijawahi kuiona.

Ndiyo maana nikiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti sianzi na vidonge vipya. Naanza na mashine ndogo ya INR ya kutoboa kidole, inayotoa jibu kwa dakika chache, ifike hospitali za mikoa na wilaya pamoja na vijikaratasi vyake, maana mashine isiyo na vijikaratasi ni pambo la mezani. Msichana wa Lindi asipande tena basi la usiku kwa ajili ya tone la damu. Na wewe unayemeza dawa hizi, mpya au ya zamani: tembea na daftari lako, lionyeshe kwenye kila duka la dawa na kwa kila daktari wa meno, na usiibadilishe kwa sababu shemeji yako kabadilishiwa. Muulize daktari swali moja kwanza: vali zangu zikoje?