Soketi ya chaji kwenye teksi ya kaka

Boom halijatoka, na teksi ya kaka ndiyo inayonilisha hapa Mlimani. Simu yake ikizima, wateja wakipiga hawampati. Fundi alitaka elfu 25, basi jana nikafunga soketi ya USB mwenyewe.

Kwanza nilichomoa waya hasi wa betri. Waya mwekundu nikauunga kwenye laini inayopata moto ufunguo ukiwashwa tu, betri isije ikanyonywa usiku. Mweusi nikaubana kwenye bodi. Karibu na maungio nikaweka fyuzi ya ampea 3. Chaji ya wati 10 kwenye volti 12 inavuta kama ampea 1 tu, ila waya zikigusana, fyuzi ndiyo inaungua, siyo gari.

Nikienda fildi, somo la umeme ninalo tayari! Haya, lekcha inaanza.