Akiba ya Mtumishi wa Baraza

Wewe usomaye kurasa hizi yamkini una miaka 16 au 17, na habari za uzee kwako ni kama habari za nchi ya mbali. Hata hivyo nakuomba univumilie. Kanuni za malipo ya uzeeni huandikwa wakati mtumishi yungali kijana, na matokeo yake humfikia wakati hana tena nguvu za kuzibadili.

Naishi Burat, jirani na mji wa Isiolo, ambako wengi bado huhesabu akiba yao kwa mbuzi na ngamia. Mfugaji wa huku haweki wanyama wake wote katika boma moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki, ili maradhi au ukame ukipita huku, kule kusalie kitu. Tena humjua kwa uso yule aliyemwachia mtamba wake, na akitaka huenda kwa miguu kumtazama. Mfagiaji wa soko hana bahati hiyo. Fedha yake hukatwa kabla hajaigusa, ikatunzwa na watu asiowaona kamwe. Macho yake ni kanuni tu.

Mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali za mitaa, uitwao LAPFUND, uliundwa kwa sheria mwaka 1960. Huo ni mfuko wa akiba, si wa pensheni, nawe usizichanganye njia hizo mbili: pensheni huja kila mwezi mpaka mtu afe, na akiba hutolewa kwa mkupuo. Waswahili huyaita malipo ya mkupuo kiinua mgongo. Ni jina zuri, ingawa sioni mgongo ulioinama miaka thelathini ukinyooshwa na hundi moja. Jirani yangu alilipwa ya kwake, akanunua ng'ombe. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ukawamaliza karibu wote. Laiti angalipata kidogo kila mwezi, ukame ungalimpunguzia mali, wala usingalimwachisha chakula.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka 55 hadi 60. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na mwaka 2013 mabaraza ya zamani yakatoweka. Watumishi wake wakaamka wakiwa na mwajiri mpya. Mwaka 2019 ikapitishwa sheria ya kuunda mpango mmoja wa kustaafu kwa watumishi wa kaunti zote. Wazo hilo naliunga mkono, maana mtu akihama kutoka Isiolo kwenda Meru haifai akiba yake ibaki njiani.

Lakini kanuni bora haimlishi mtu ikiwa fedha haifiki. Tuseme mtumishi ana mshahara wa shilingi 20,000, naye anakatwa 12 katika kila mia, na mwajiri anaongeza 15. Hizo ni shilingi 2,400 na 3,000, jumla 5,400 kwa mwezi, 64,800 kwa mwaka. Mabaraza mengi yalikata sehemu ya mtumishi yakaitumia kwa haja nyingine, na kaunti zikarithi deni hilo. Baadhi yake nazo zikaongeza la kwao. Hati ya mshahara husema fedha imekatwa, na mfuko husema haijapokewa. Hasara haikomei hapo, kwa kuwa shilingi isiyowekwa haizai faida, na miaka kumi ya faida iliyopotea yaweza kupita deni lenyewe. Kwa sababu hiyo, katika kanuni zote ningetaka ile ya kumtoza mwajiri anayechelewa iwe kali kuliko nyingine.

Mwanachama ana haki ya kupewa taarifa ya akiba yake kila mwaka. Namjua karani mmoja wa kike ambaye huweka hati zake za mshahara, tangu ya kwanza, katika kopo la maziwa ya unga. Mwaka mmoja taarifa ilikuja pungufu kwa miezi minne. Hakupiga kelele, alilibeba kopo mpaka ofisini, akazipanga hati nne mezani, akaketi kungoja jibu.