Ziwa Lililoitwa kwa Jina Jingine

Mtamba aliuzwa Kiserian mnamo Januari 2022, na fedha zake zikapanda matatu hadi Kitengela, zikalipia karo ya kozi ya miezi tisa ya utengenezaji wa filamu. Mwenye mtamba alikuwa ajuza mmoja wa pembezoni mwa mji wa Magadi. Mwenye kozi, mjukuu wake wa miaka ishirini na mmoja. Babake msichana huyo alipinga shauri hilo tangu mwanzo. Alitaka bintiye awe mwalimu, na kwa haki ya Mungu, hoja zake hazikuwa za kipuuzi: mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi, ilhali mpiga picha hulipwa mwenye harusi akipenda.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Anayedhani kwamba sanaa ya filamu huanza kwa falsafa ya sanaa angeshangaa kuona wanafunzi wakifundishwa, kwa majuma mawili mazima, namna ya kukunja nyaya: mzunguko mmoja juu, mwingine chini, ili waya usijisokote na kukatika kwa ndani. Kisha wakafundishwa kushika kijiti cha kipaza sauti juu ya kichwa kwa dakika kumi bila mikono kutetemeka. Kamera haikuguswa hadi mwezi wa pili. Mkufunzi wao alishikilia kwamba mkono hujifunza kabla ya kichwa. Katika idara za fasihi, ambako filamu aghalabu husomwa kwenye karatasi, maneno hayo yangezua mjadala wa mhula mzima.

Ikumbukwe kwamba mafunzo ya aina hii si mageni nchini Kenya. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma jijini Nairobi ilianza mwaka 1961 kwa kuwafunza mafundi mitambo wa utangazaji, na ni humo alimosomea Anne Mungai, aliyeongoza filamu ya Saikati mwaka 1992. Saikati ni msichana wa Kimaasai anayetaka kusoma huku jamaa zake wakitaka aolewe. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, warsha za One Fine Day Films, zilizoasisiwa na Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, zikawakutanisha vijana na mabingwa wa kazi hiyo kwa vitendo. Humo zikatoka Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010, Nairobi Half Life ya David Gitonga mwaka 2012 na Supa Modo ya Likarion Wainaina mwaka 2018. Filamu hizo zilionyeshwa darasani Kitengela kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Saikati ndiyo iliyomkosesha msichana wetu usingizi, si kwa ubora wa picha zake, bali kwa kuwa hakuwahi kumwona msichana wa Kimaasai kwenye skrini ambaye kisa chote ni chake.

Filamu nyingine iliyomkosesha usingizi ilimkosesha kwa sababu tofauti. The Constant Gardener, iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles na kutoka mwaka 2005, ndiyo iliyompa Rachel Weisz tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Karibu na mwisho wake linatokea ziwa jeupe lenye upweke wa kutisha. Hadithi inasema hilo ni Ziwa Turkana. Msichana alilitambua kwa kutupa jicho tu. Lilikuwa Magadi.

Wenzake walicheka alipolalamika. Sinema ni uigizaji, walisema. Watu huigiza watu wengine, kwa nini ziwa lisiigize ziwa? Hawakukosea. Hata hivyo, jina Magadi si jina tu. Ni neno lile lile la Kiswahili ambalo mpishi hulitaja anapotaka maharagwe yalainike upesi. Reli ilichepushwa kutoka Konza kupitia Kajiado kwa sababu ya magadi hayo. Ardhi iliyochimbwa kwa miongo mingi, kisha ikapigwa picha kwa jina la mahali pengine! Palepale akaamua kwamba filamu yake ya mtihani, ya dakika kumi, ingetengenezwa huko, na mhusika angekuwa kokoo, kama Wamaasai wamwitavyo nyanya.

Alisafiri Oktoba 2022, ukame ukiwa umekithiri. Kutoka Kiserian barabara huteremka Bonde la Ufa kwa zaidi ya mita 1,000, ikipita Olorgesailie kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale, na kila kona joto huongezeka. Mwaka huo mizoga ya ng'ombe ililala kando ya njia. Alipofika aliinamisha kichwa, kokoo akakigusa kwa kiganja, na salamu ilipokwisha akapewa habari: ng'ombe wote wamekufa. “Aliyenusurika ni yule aliyekwenda shule,” kokoo alisema, akaiangalia kamera kama mtu akaguaye mifugo.

Siku ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Kamera iliyoachiwa ipime mwanga yenyewe huuona weupe wa magadi, ikadhani dunia imezidi kung'aa, ikapunguza mwanga wote. Shuka ya kokoo ilitokea nyeusi, na uso wake ukawa kivuli kisicho na macho. Picha za namna hiyo ni nyingi kwenye kadi za watalii, na huitwa za kupendeza. Msichana akazima upimaji wa kamera, akaweka kiganja chake mbele ya uso wa kokoo, akapima mwanga kwenye ngozi hiyo, kisha akafungua tundu la lenzi. Ziwa likaungua likawa weupe mtupu. Mikunjo ya uso ikaonekana, mmoja mmoja. Hapo alikuwa amechagua, na heroe wote waliokuwa nyuma wakapotea.

Tatizo la pili lilikuwa upepo. Ulinguruma kwenye kipaza sauti hata maneno yasisikike, na sponji ya chuo haikufua dafu. Kokoo alitazama mahangaiko hayo kwa muda, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya kondoo chenye manyoya. Kikafungwa kwenye kipaza sauti kwa uzi wa shanga. Kelele ikakoma.

Sehemu iliyomsumbua zaidi, na ambayo wanafunzi wa tafsiri wataithamini, ilimngoja Kitengela kwenye meza ya kuhariri. Kokoo alisema kwa Kimaasai kwamba Enkai haikuja. Neno hilo hubeba Mungu, mbingu na mvua kwa pamoja. Manukuu yanayopita chini ya picha hukaa kwa sekunde tatu au nne, hayana nafasi ya tanbihi. Aliandika “Mvua haikuja”, ikawa taarifa ya idara ya hali ya hewa. Aliandika “Mungu hakuja”, ikawa kufuru, na kokoo si mtu wa kukufuru. Mkufunzi alipendekeza Kiingereza, kwamba ndicho kisomwacho kwenye matamasha, ila tatizo lilikuwa lile lile kwa Kiingereza. Mwishowe aliliacha neno kama lilivyo katikati ya sentensi ya Kiswahili: “Enkai haikuja.” Walioliona hawakuuliza maana yake; mizoga ilikuwa imekwisha kulifasiri.

Filamu ilizidi kwa sekunde arobaini. Mkufunzi alitaka mwanzo ukatwe, pale kokoo anapotaja jina lake, jina la babake na jina la mahali. Ni ushauri wa kawaida wa uhariri: ingia kwenye tukio upesi. Msichana alikata heroe waliosalia, akakata machweo yaliyomgharimu jioni mbili, akayaacha majina. Alipita mtihani, si kwa alama za juu. Babake alipoitazama hakusema lolote kuhusu ualimu, wala hakusema lolote kuhusu filamu; aliuliza tu kama kompyuta ile ni ya kuazima.

Desemba aliirudisha Magadi katika kompyuta hiyo ya kuazima. Kokoo aliitazama mara tatu, jirani wawili wakichungulia begani mwake. Kila picha ilipofika pale anapotaja mahali, aliitikia mwenyewe kwa sauti, kana kwamba kuna aliyemuuliza. Mara ya tatu ilipokwisha, alinyosha mkono akadai ngozi yake ya kondoo.