Siku ya Theluji Hakuna Rafiki

Nilizaliwa Moshi, mahali ambapo theluji hutazamwa kwa mbali tu. Mawingu yakiondoka asubuhi, Kibo hujitokeza na kilemba chake cheupe, kisha kila mtu huendelea na shughuli zake. Marehemu baba yangu aliujua weupe ule kwa karibu. Kwa miaka mingi alikuwa mpagazi, akiwabebea wageni mizigo kuelekea kilele kile cha mita 5,895, na kila aliporudi nyumbani alituambia neno lile lile: "Mlima haupandwi kwa miguu ya wa kwanza. Hupandwa kwa miguu ya wa mwisho." Sisi watoto tulicheka. Tulidhani ni maneno ya mzee aliyechoka.

Kazi ndiyo iliyonipeleka Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani. Mji huo umekaa chini ya milima ya Wasatch, na kwa mwendo usiofika saa moja kwa gari unaingia katika bonde jembamba liitwalo Little Cottonwood. Huko ndiko viliko viwanja vya kuteleza vya Alta na Snowbird. Zamani, katika karne ya 19, Alta palikuwa mji wa wachimbaji wa madini ya fedha; lifti yake ya kwanza ya kupandisha watelezaji ilianza kazi mwaka 1939. Dhoruba za huko hutoka bahari ya Pasifiki, huvuka nchi kavu, kisha hugonga milima na kumwaga theluji nyepesi kama unga wa muhogo uliotoka kuchekechwa. Katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 Alta ilipata zaidi ya mita 22 za theluji, kiasi ambacho hakijapata kuandikwa hapo kabla yake.

Katika majira hayo hayo ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kulisimulia.

Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa mzee Mmarekani, mstaafu, ambaye ndiye aliyetufundisha kusimama juu ya skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Tulimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa mwenzangu wa Machakos, tuliyekutana naye kazini tukazoeana hata tukaitana kaka. Yeye alianza kuteleza baada yangu, na bado alikuwa mwoga wa miteremko mikali.

Usiku theluji ilianguka bila kukoma. Alfajiri barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa, maana watu wa usalama walikuwa wakilipua miteremko ili theluji iliyolegea iporomoke kabla ya magari kupita. Tulikaa kwenye msururu, tukinywa chai ya chupa na kusikia mshindo ukinguruma juu yetu. Mwalimu alitueleza kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Montgomery Atwater alianza hapo Alta kuichunguza theluji na kuiporomosha kwa mizinga ya kijeshi. Kisha akacheka, akatuambia msemo wa watelezaji: siku ya theluji mpya hakuna rafiki. Maana yake, usimngoje mtu. Theluji safi ni ya anayewahi.

Nami msemo ule ulinipendeza.

Barabara ilipofunguliwa na lifti zikaanza kuzunguka, nilisahau baridi, nikasahau na umri wangu. Msomaji wangu, sijui nikueleze vipi. Theluji ilinifika magotini, nayo haikuwa na uzito. Ukigeuka inakurukia kifuani, na husikii chochote, hata mwendo wako mwenyewe. Ni kama kuanguka bila kuumia. Mwalimu alitangulia chini kutusubiri. Juu ya mteremko wa tatu, penye misonobari, kaka aliniita: "Kaka, ningoje kidogo, kiatu hakijakaza." Nilimjibu, "Utanikuta chini," nikajitosa.

Nilipofika kwenye lifti Mwalimu aliniuliza, "Ndugu yako yuko wapi?"

"Anakuja," nikasema.

Tulingoja. Watu walipita wakipiga vigelegele vya furaha, lakini yeye hakutokea. Mwalimu alinitazama mara moja tu, asiseme neno, kisha tukapanda lifti. Viti vile vilivyokuwa vikinipeleka mbio asubuhi sasa vilikwenda kama konokono.

Hatari niliyokuwa nikiifikiria ilikuwa na jina, kwa kuwa Mwalimu alikwisha kutuonya. Matawi ya msonobari huikinga theluji, hivyo karibu na shina hubaki shimo la theluji iliyolegea, lisiloonekana. Mtu akilitumbukia kichwa chini hukosa pa kushika, na kila anapojitikisa theluji humfunika zaidi hadi akakosa hewa. Majaribio yaliyofanywa Marekani na Kanada yalionyesha kuwa watu tisa kati ya kumi walioingizwa humo kwa hiari hawakuweza kujitoa wenyewe. Ndiyo maana wataalamu husema mwenzako asitoke machoni pako.

Tulimkuta ameketi chini ya mti, uso umebadilika rangi, midomo ikitetemeka. Kando yake alipiga magoti mwanamke tusiyemjua, mikono yake imefukua shimo refu kwa ubavuni. Alikuwa amepita akaona ncha ya skii moja imechomoza kwenye theluji, akasimama. Bahati nyingine ni kwamba kaka alishika tawi alipoanguka, akaziba uso kwa mkono, akapata nafasi ndogo ya kupumulia.

Yule mwanamke alituangalia, akauliza, "Mlikuwa pamoja?"

Sikuweza kujibu. Alifunga skii zake akashuka, kwenye theluji ambayo sasa ilikwisha kuchorwa na wengine. Hata jina lake hatukulipata.

Garini, wakati wa kurudi, nilimwomba kaka msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuita mara nyingi, kaka. Theluji haina masikio." Hakusema zaidi, na wala hajanitajia tena jambo hilo.

Tungali tunateleza pamoja. Kila mmoja wetu ana filimbi shingoni, na penye miti tunakwenda kidogo kidogo, tunasimama, tunahesabiana. Theluji nzuri nyingi inachukuliwa na wengine mbele yetu. Sijutii. Nimekwisha kuteleza mteremko mmoja usio na alama hata moja, peke yangu, na utamu wake ulinishuka kooni kama shubiri mara tu nilipoulizwa ndugu yangu yuko wapi.

Siku hizi kaka ndiye anayetangulia. Mimi ni wa mwisho.