Uzito wa Mtoto Hupangwa Nyumbani

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijiji mkoani Geita. Mtoto akizaliwa humkausha, humlaza kifuani kwa mama yake, kisha humpima. Mizani ikisoma chini ya kilo 2.5, huyo ana uzito pungufu, hata kama ametimiza miezi yake yote. Ndugu walioko nje huuliza mama alikosea nini. Swali hilo huniuma, kwa kuwa nimemfuatilia kliniki na najua alivyoishi.

Ugali wa udaga huku kwetu unapatikana. Anachokosa mjamzito ni kitoweo. Dagaa huenda kwanza kwa baba na wageni, yeye hubaki na mchuzi. Mayai anakatazwa na wakubwa, eti mtoto atazaliwa kipara. Wengine hujinyima wenyewe: "Nesi, nikila sana mtoto atakuwa mkubwa, nitapasuliwa." Nikimpima damu naikuta iko chini. Nampa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, lakini kidonge hakishibishi mtu.

Mvua zikianza, mwenye mimba ya miezi saba hushika jembe kama wenzake, na jioni hubeba ndoo na kuni. Akikaa kupumzika, mama mkwe humwambia, "Sisi tulizaa tukitokea shambani." Mume yuko machimboni, na mwingine wa kumsemea hayupo.

Halafu kuna malaria, ambayo mkoani kwetu ni nyingi. Vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma na kumpunguzia mtoto chakula na hewa, na mama anaweza asihisi hata homa. Ndiyo maana tunatoa dawa ya SP kuanzia mwezi wa nne, dozi 3 au zaidi, zikipishana angalau mwezi mmoja. Sasa anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi sita, dozi hizo atazimaliza lini? Wengi huchelewa kwa kuogopa husuda mimba ikijulikana mapema, au kwa kusubiri ruhusa na nauli ya mume. Wasichana wa shule ndio hujificha zaidi. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu kurudi masomoni wakishajifungua, lakini woga haujawatoka. Na miili yao bado inakua, kwa hiyo chakula kidogo wanachopata wanagawana na mtoto aliye tumboni.

Mtoto aliyezaliwa mdogo hatumwachi. Tunamfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ananyonya maziwa yake tu, na aliye dhaifu tunampa rufaa. Njia hii ya kangaruu inaokoa maisha, na nimeona kina baba wakivua shati kupokea zamu. Natamani zamu hiyo waianze tangu mimba inapotungwa.

Baba, mpeleke mkeo kliniki kabla ya wiki ya 12, mlale ndani ya chandarua chenye dawa, na mimba inayofuata isubiri hadi mtoto atimize angalau miaka miwili. Mama mkwe, mpokee ndoo, mpakulie kitoweo kwanza. Na mtoto akizaliwa mdogo, msimlaumu mama. Jiulizeni kwanza nyumba nzima ilimtunza vipi.